Dakika Tano na Dola Bilioni 62: Bunge la Marekani Lilipomhoji Timothy Geithner Kuhusu AIG

Tarehe 27 Januari 2010, saa chache kabla ya Rais Barack Obama kulihutubia Bunge kuhusu hali ya taifa, Waziri wake wa Fedha, Timothy Geithner, aliketi mbele ya Kamati ya Usimamizi na Mageuzi ya Serikali ya Baraza la Wawakilishi. Alikuwa ameitwa kueleza uamuzi uliofanywa zaidi ya mwaka mmoja kabla, alipokuwa akiongoza tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani: kwa nini benki kubwa zilizokuwa na mikataba na kampuni ya bima ya AIG zililipwa fedha zao zote bila kupunguziwa hata senti moja, ilhali kampuni yenyewe ilikuwa inapumua kwa fedha za walipakodi. Wajumbe wa vyama vyote viwili walimshambulia. Stephen Lynch, wa chama cha Democratic kutoka Massachusetts, alisema jambo zima linanuka, na kwamba maslahi ya Goldman Sachs, mojawapo ya benki hizo, yalitangulizwa mbele ya wajibu wa maofisa kwa wananchi. John Mica, wa chama cha Republican kutoka Florida, alimwambia kuwa visingizio vyake ni dhaifu, kisha akamuuliza kwa nini asitakiwe kujiuzulu. Geithner, ambaye naye alikuwa amekwisha kupandisha sauti, alijibu kwamba mbunge ana haki ya kuwa na maoni hayo, lakini yeye ameutumikia umma maisha yake yote.

Majibizano hayo ndiyo yaliyorushwa na televisheni jioni ile. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kamati ilipomfungulia shahidi wake mlango. Alikuwa ameulizwa kuhusu nafsi yake, akajibu kuhusu nafsi yake, na jibu hilo halikuhitaji tarakimu wala nyaraka. Swali la mabilioni yaliyolipwa likabaki pembeni.

Ili kuona kilichopotea, ni lazima kwanza kueleza uamuzi wenyewe, kwa sababu ukali wa wabunge ulificha ugumu wake na pia ulificha udhaifu wake halisi.

AIG haikuwa benki, lakini uokoaji wake kwa sehemu kubwa ulikuwa uokoaji wa benki. Kitengo chake cha bidhaa za fedha, kilichokuwa na ofisi Connecticut na London, kilikuwa kimeziuzia benki za Marekani na Ulaya mikataba iliyofanana na bima: benki ilishika hati zilizotengenezwa kwa kufungasha pamoja mikopo ya nyumba, na AIG iliahidi kuifidia iwapo hati hizo zingeharibika. Bei za nyumba zilipoanguka, thamani ya hati ikashuka, na benki zikaanza kuidai AIG iweke dhamana ya fedha taslimu kadiri thamani ilivyozidi kushuka. Kampuni haikuwa na fedha hizo. Tarehe 16 Septemba 2008, siku moja baada ya benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers kuomba kufilisiwa, Benki Kuu iliikopesha AIG dola bilioni 85 na serikali ikachukua hisa za asilimia 79.9. Kwa jumla, ahadi za msaada kwa kampuni hiyo moja zilikuja kufikia dola bilioni 182 hivi.

Mkopo haukuzima moto. Mwezi Novemba 2008 AIG ilikuwa inajiandaa kutangaza hasara ya robo mwaka ya zaidi ya dola bilioni 24, na makampuni yanayopima uwezo wa wadaiwa kulipa yalikuwa tayari kuishusha daraja. Kushushwa daraja kungeamsha madai mengine ya dhamana. Ndipo tawi la New York lilipounda kampuni iliyoitwa Maiden Lane III, ambayo kazi yake ilikuwa kuzinunua zile hati mikononi mwa benki na kuifuta mikataba. Hati hizo zilikuwa na thamani ya maandishi ya takriban dola bilioni 62. Benki zilikuwa zimeshapokea dhamana ya dola bilioni 35 kutoka AIG. Maiden Lane III ikaongeza dola bilioni 27 hivi. Ukijumlisha, zililipwa thamani kamili ya hati ambazo sokoni hazikufikia hata nusu ya thamani hiyo. Waliolipwa ni pamoja na Société Générale ya Ufaransa, Goldman Sachs, Merrill Lynch, Deutsche Bank na UBS.

Swali linalotoka hapo ni la mkulima yeyote aliyewahi kumdai mtu aliyefilisika. Mdaiwa akianguka, wadai huketi pamoja na kila mmoja hukubali pungufu. Kwa nini hawa walipata zote?

Jibu bora kabisa kuhusu jambo hilo halikutoka katika kikao cha kelele. Mwaka 2009 mbunge Elijah Cummings wa Maryland, pamoja na wenzake 26, alimwandikia barua Neil Barofsky, mkaguzi maalumu wa mpango wa uokoaji, akimtaka achunguze malipo hayo. Barofsky alitoa ripoti mwezi Novemba 2009. Ilieleza kwamba maofisa wa tawi la New York waliwasiliana na benki 8 zilizokuwa na madai makubwa zaidi, wakaziomba zipunguze. Saba zilikataa. Moja, UBS, ilisema iko tayari kupunguza asilimia 2 ikiwa wengine wote watafanya vivyo hivyo. Benki za Ufaransa zilisema sheria ya kwao haiziruhusu, na msimamizi wa mabenki wa nchi hiyo akaziunga mkono. Maofisa walikuwa wamejifunga wenyewe tangu mwanzo: walichukulia kwamba punguzo lazima liwe la hiari, kwamba hawatatumia nafasi yao ya kuwa wasimamizi wa baadhi ya benki hizo kama shinikizo, na kwamba wote watendewe sawa, wa ndani na wa nje. Kwa masharti hayo, kukataa kwa mmoja kulitosha kuvunja mazungumzo yote. Yakavunjika, na uamuzi wa kulipa zote ukapitishwa.

Msomaji aone jinsi ripoti hiyo ilivyolisogeza swali. Kabla yake, swali lilikuwa kama kulikuwa na hila. Baada yake, swali likawa sahihi zaidi na zito zaidi: nani aliamua kwamba punguzo liwe la hiari, kwa hoja gani, na kwa nini juhudi za kuzishawishi benki ziliachwa mapema kiasi hicho? Hili ni swali ambalo ofisa hawezi kulijibu kwa kusimulia historia ya utumishi wake.

Kamati nayo, kabla ya kikao, ilifanya kazi ya kuheshimika. Mwenyekiti wake, Edolphus Towns, alilipelekea tawi la New York samansi, na kurasa zipatazo 250,000 zikakabidhiwa. Darrell Issa, kiongozi wa wajumbe wa Republican katika kamati hiyo, alikuwa ameshatoa hadharani barua pepe zilizoonyesha kwamba wanasheria wa tawi hilo waliishauri AIG iache kutaja, katika taarifa zake kwa wasimamizi wa masoko ya hisa, kwamba benki zililipwa thamani kamili. Sentensi iliyokuwa katika rasimu iliondolewa kabla ya taarifa kuwasilishwa mwezi Desemba 2008. Yaani kamati iliingia kikaoni ikiwa na silaha zote mezani, na mbele yake walikuwepo Geithner, mtangulizi wake Henry Paulson, mwanasheria mkuu wa tawi la New York Thomas Baxter, Barofsky mwenyewe, na Stephen Friedman, ambaye aliwahi kuwa mwenyekiti wa bodi ya tawi la New York huku akiwa mjumbe wa bodi ya Goldman Sachs. Ni nadra sana kwa bunge lolote kuwapata watu wote hao kwa siku moja.

Geithner alijitetea kwa hoja mbili. Kuhusu taarifa zilizofichwa, alisema alikuwa ameshajiondoa katika maamuzi ya AIG tangu tarehe 24 Novemba 2008, alipoteuliwa kuwa Waziri wa Fedha. Kuhusu malipo, alisema mtu anayetaka kumpunguzia mdai ni lazima aweze kumtishia kwamba hatalipwa, na tishio hilo lisingewezekana bila kuiangusha AIG yenyewe, kwa sababu siku ambayo kampuni ingetamka kwamba italipa pungufu, wapima madaraja wangeihesabu imeshindwa kulipa. Hoja ya pili ina uzito. Mimi naikubali nusu. Ni kweli kwamba serikali haikuweza kutishia kufilisi kampuni iliyotumia mabilioni kuizuia isifilisike. Lakini benki zilizokaa upande wa pili wa meza nazo zilikuwa zinaishi kwa hisani ya serikali hiyo hiyo msimu ule: zilipewa mitaji, dhamana, na mikopo ya dharura. Mtu uliyemwokoa jana unaweza kumwomba jambo leo bila kumtishia, na ombi hilo likitoka kwa wakuu wenyewe, hadharani, lina nguvu tofauti na simu za maofisa wa chini. Nafasi ya kuchimba hapo ilikuwepo. Kila mara mjumbe mmoja alipokaribia, dakika zake ziliisha, na aliyemfuata alianza upya kwa tuhuma zake mwenyewe.

Hilo la dakika si jambo dogo. Katika kamati za Bunge la Marekani kila mjumbe hupewa dakika 5 za kuuliza, na katika kamati yenye wajumbe wengi shahidi anajua kwamba akistahimili dakika 5 za mtu mmoja, zitakuja nyingine kutoka kwa mtu ambaye huenda hakumsikiliza mwenzake. Mjumbe naye anajua kwamba kipande cha sekunde chache ndicho kitakachofika katika jimbo lake. Kwa mpango huo, ukali unalipa kuliko uchimbaji. Muulizaji anatumia dakika 3 kulaani, 1 kuuliza maswali manne kwa pamoja, na shahidi anapofungua kinywa anakatizwa kwa sababu muda umekwisha. Mwaka 2010 ulikuwa wa uchaguzi wa wabunge. Ukosefu wa ajira ulikuwa karibu asilimia 10. Na siku 8 tu kabla ya kikao, Scott Brown wa Republican alikuwa amekitwaa kiti cha Seneti cha Massachusetts kilichokuwa cha marehemu Edward Kennedy. Lynch anatoka katika jimbo hilo hilo. Sidai kwamba hasira yake ilikuwa ya kuigiza. Nasema kwamba kila mtu chumbani alikuwa na sababu ya kuonekana amekasirika.

Geithner pia alikuwa ameshazoea. Mwezi Novemba 2009, mbele ya kamati ya pamoja ya uchumi, Kevin Brady wa Texas alimtaka aachie wadhifa, naye akajibu kwamba hakubaliani na karibu chochote alichosema mbunge huyo. Michael Burgess, pia wa Texas, akaongeza kwamba hafikirii afukuzwe kazi, bali anafikiri hakupaswa kuajiriwa tangu mwanzo. Mtu aliyekwisha kupita katika maneno hayo hatetemeki anapoyasikia tena miezi miwili baadaye.

Kisa cha AIG kilikuwa na kikao kingine kibaya zaidi, na hapa lazima nikieleze kwa sababu madhara yake yalivuka maneno. Tarehe 18 Machi 2009 Edward Liddy, mtendaji mkuu wa AIG, aliitwa mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi kuhusu bonasi za dola milioni 165 zilizolipwa kwa wafanyakazi wa kile kitengo cha bidhaa za fedha. Liddy hakuwa miongoni mwa walioizamisha kampuni. Aliombwa na serikali aje kuiongoza baada ya uokoaji, kwa mshahara wa dola 1 kwa mwaka, na mikataba ya bonasi ilikuwa imeshafungwa kabla hajafika. Lynch, yule yule, alimsema kwa namna ambayo Liddy alimwambia amemkosea heshima. Lynch akajibu kwamba alikusudia kumkosea. Barney Frank, mwenyekiti wa kamati kamili, alitaka majina ya waliopokea bonasi. Liddy akasema atayatoa ikiwa atahakikishiwa kuwa yatabaki siri, na akasoma sehemu ya vitisho vilivyokuwa vimefika ofisini kwake, kimoja kikitaka wakuu wa kampuni na familia zao wanyongwe kwa waya wa piano. Siku mbili kabla, seneta Charles Grassley wa Iowa alikuwa amesema redioni kwamba wakuu hao wafuate mfano wa Wajapani, ama wajiuzulu ama wajiue. Baadaye akaeleza kuwa hakumaanisha wajiue kweli. Siku moja baada ya kikao, Baraza la Wawakilishi likapitisha kwa kura 328 dhidi ya 93 muswada wa kuzitoza bonasi hizo kodi ya asilimia 90. Haukuwa sheria.

Najua utetezi wa wabunge, na sehemu yake naitetea nami. Wananchi waliokuwa wananyang'anywa nyumba hawakuwa na kiti katika chumba kile isipokuwa kupitia sauti ya mbunge wao. Anayetaka mbunge aongee na mkuu wa fedha kwa upole wa mgeni kwa mwenyeji wake anasahau kwamba upole huo ulikuwepo kwa miaka mingi kabla ya 2008, wakati Alan Greenspan, aliyekuwa mkuu wa Benki Kuu, alipokuwa akipokewa bungeni kwa heshima kubwa, na haukuzuia lolote. Waswahili husema mwenye kelele hana neno. Katika kisa hiki methali hiyo haiwatoshi wabunge, kwa sababu neno walikuwa nalo, tena zito. Kelele ndiyo iliyolimeza.

Na ukali usiomeza neno upo. Tarehe 23 Oktoba 2008 kamati ile ile, wakati huo ikiongozwa na Henry Waxman wa California, ilimhoji Greenspan, aliyeiongoza Benki Kuu kwa zaidi ya miaka 18. Waxman alikuwa mkali. Alimsomea maneno yake mwenyewe ya zamani kuhusu masoko kujisimamia, kisha akamuuliza kama imani yake ilimsukuma kufanya maamuzi anayotamani asingeyafanya. Greenspan akakiri kwamba ameona kasoro katika namna alivyouelewa ulimwengu. Waxman hakushangilia wala kumtukana. Alilirudia jibu kwa maneno mepesi, akiuliza kama maana yake ni kwamba mtazamo wake haukuwa sahihi, na Greenspan akakubali kabisa. Nadhani hakuna tusi ambalo lingemfanya mzee yule aseme maneno hayo. Alibanwa na kauli zake, na muulizaji alikuwa amemwachia nafasi ya kujibu.

Mfano wa pili ni wa hasira hasa. Tarehe 5 Machi 2009 Donald Kohn, makamu mwenyekiti wa Benki Kuu, alikataa mbele ya kamati ya mabenki ya Seneti kutaja benki zilizonufaika na fedha za AIG, akisema kufanya hivyo kutawaogopesha wateja wa kampuni. Maseneta wa pande zote mbili, Christopher Dodd na Richard Shelby miongoni mwao, walimjia juu. Lakini madai yao yalikuwa moja, yenye kutimizika: tupe majina. Tarehe 15 Machi AIG ikayatangaza. Soko halikuanguka. Bila orodha hiyo Cummings asingekuwa na cha kuandikia barua, wala Barofsky cha kukagua.

Ukilinganisha vikao hivyo vinne, sauti si kipimo kinachovitenganisha, kwa kuwa vyote vilikuwa vikali. Kohn na Greenspan waliombwa kitu ambacho, kama wangekikataa, kila mtu angeona kwamba wamekikataa. Liddy na Geithner walishutumiwa kwa mambo ambayo wangeweza kuyakanusha na kikao kikaendelea.

Geithner hakujiuzulu. Alikaa katika wizara hadi Januari 2013. Maiden Lane III iliuza hati zake za mwisho mwaka 2012 na kuiachia Benki Kuu faida ya dola bilioni 6.6 hivi, na mwezi Desemba mwaka huo huo Hazina ikauza hisa zake za mwisho za AIG, serikali ikisema kwamba kwa jumla imepata dola bilioni 22.7 zaidi ya ilizotoa. Watetezi wa uamuzi wa 2008 huishikilia faida hiyo kama jibu la kumaliza mjadala. Haimalizi, kwa sababu faida ilitokana na bei za hati kupanda tena, na kama benki zingekubali punguzo faida ingekuwa kubwa zaidi. Mabadiliko yaliyodumu yalitoka kwa watu walioandika vifungu: sheria ya mageuzi ya fedha iliyosainiwa tarehe 21 Julai 2010 iliizuia Benki Kuu kuikopesha kampuni moja moja kwa dharura kama ilivyofanya kwa AIG, na ikaitaka itaje hadharani waliopewa mikopo ya dharura. Tarehe 1 Desemba 2010 Benki Kuu ilichapisha maelezo ya miamala yake ya wakati wa mgogoro, zaidi ya 21,000.

Limebaki lile punguzo la asilimia 2 ambalo UBS ilikuwa tayari kulitoa. Lilikuwa dogo, na pengine ndiyo maana halikumkasirisha mtu. Kama wadai wote wangelikubali, likihesabiwa kwa thamani kamili ya hati zile za dola bilioni 62, lingeokoa takriban dola bilioni 1.24, ambazo ni zaidi ya mara saba ya bonasi zilizomfanya Liddy asome vitisho vya kuuawa mbele ya kamera.